Naigiza konda mwenye kigugumizi kwenye runinga, lakini mimi ni muimbaji. Niimbe kwa jina gani?

Konda wa Alhamisi

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, na mwenye nafasi anisome mpaka mwisho, maana jambo hili limeninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Mimi ni mwigizaji wa vichekesho wa runinga. Kipindi chetu kinaruka Alhamisi usiku na huu ni mwaka wa nne. Kituo sitakitaja, na jina la mhusika wangu nalo sitalitaja, nikilitaja tu mtanijua. Itoshe kusema naigiza konda wa daladala mwenye kigugumizi. Anapiga debe, neno linamkwama, dereva anaondoa gari, abiria wanabaki kituoni. Kichekesho chenyewe ndicho hicho, na ndicho kinachonilipia kodi ya vyumba viwili hapa Temeke na ada ya mtoto. Nikipita mtaani watoto wananifuata nyuma wakigugumia kama mimi. Sijawahi kukasirika. Kazi imenilisha na naiheshimu.

Lakini kabla ya ukonda nilikuwa naimba. Nilianza na kaswida madrasa, Tandika, nikiwa na miaka minane. Baadaye nikawa muitikiaji kwenye bendi ya dansi iliyokuwa ikipiga baa moja kule Mtoni kila Ijumaa na Jumamosi, miaka miwili, mpaka mwenye vyombo alipoviuza. Ndipo nikaingia kwenye maigizo, kwa sababu rafiki yangu alikuwa anashika taa pale. Nina daftari lenye nyimbo tisa. Hazichekeshi hata moja.

Mmoja ni wa mama yangu. Mama aliuza chapati kituo cha daladala kwa miaka kumi na saba. Alikuwa akiamka saa tisa usiku, anakanda unga kwenye beseni la bluu lenye ufa pembeni, ufa wenyewe kauziba kwa plastiki ya kuyeyusha. Kibatari anakiweka mbele yake, sisi wanawe tumelala nyuma, mgongo wake unatukinga mwanga usituamshe. Wimbo unaanzia hapo, kwenye mgongo wa mama.

Mwezi uliopita nikaalikwa kwenye harusi, ukumbi mmoja wa Mbagala. Walinitaka kama konda, nichekeshe dakika ishirini, na walilipa vizuri. Nikamwomba mshereheshaji, nikimaliza niimbe wimbo mmoja kwa jina langu, uwe zawadi kwa mama wa bibi harusi. Akakubali. Nikachekesha, nikamaliza, nikavua ule mkoba wa nauli, nikashika maiki, DJ akaweka biti. Nikaimba mstari wa kwanza.

Ukumbi ukaangua kicheko.

Nikadhani labda suruali imechanika. Nikaingia mstari wa pili, kicheko kikapanda. Kumbe walikuwa wanasubiri neno likwame. Mama mmoja mtu mzima, amevaa sare ya upande wa bwana harusi, akaja kunituza noti ya elfu kumi. Akanibandika kwenye paji la uso, akanisogelea sikioni, akasema kwa upendo kabisa, "Konda, mbona hugugumii? Gugumia mwanangu, tucheke." Nikagugumia. Wimbo wa mama yangu nikauimba kwa kigugumizi mpaka mwisho, na watu wakasimama kupiga makofi.

Kuna mtu alirekodi. Klipu ikazunguka kwenye magrupu mpaka ikamfikia mama. Hakunipigia simu. Nilipokwenda Jumapili akanitengea chai, akakaa mbele yangu, akauliza, "Wimbo wangu ulikukosea nini?"

Sasa mwenye kampuni inayotengeneza kipindi naye ameiona klipu hiyo. Anataka wimbo uleule urekodiwe kwa kigugumizi, kwa jina la konda, utoke pamoja na msimu mpya. Ananipa laki sita, mara moja, basi. Karatasi zina kurasa tatu, na kifungu kimoja kinasema jina la mhusika, sauti, mavazi, misemo na nyimbo zote atakazoimba ni mali ya kampuni. Alinipa siku kumi, zimebaki sita.

Naomba mnisaidie. Niimbe kwa jina la konda ambalo watu wanalipenda, au kwa jina langu ambalo hata fundi wangu wa viatu halijui? Na je, yupo anayejua namna ya kumfanya mtu aliyezoea kukucheka akusikilize?

Mtoto wa Kilakala

Kaka, pole kwa swali la mama. Hilo limenichoma.

Ila mimi nitasema tofauti na utakavyoambiwa na wengi. Usilikimbie jina la konda. Mji huu kupata jina ni kazi ya miaka, wewe unalo. Wapo vijana wanaoimba vizuri kuliko redio nzima na wanakufa na flashi zao mfukoni, hakuna anayewafungulia geti la studio. Wewe ukitaja konda, geti linafunguka.

Na si kweli kwamba mchekeshaji hawezi kuimba kwa jina la uchekeshaji. Sharo Milionea, Hussein Mkiety, alikuwa Sharo kwenye filamu na Sharo kwenye muziki, miwani ileile, mwendo uleule, madaha yaleyale. Watu wakampenda kote kuwili. Alipofariki kwa ajali ya gari Muheza, tarehe 26 Novemba 2012, mimi nilikuwa kidato cha pili na darasa zima lilinyamaza, na waliomlilia kama mwigizaji na waliomlilia kama mwanamuziki walikuwa watu walewale. Masanja Mkandamizaji naye alitoka kwenye vichekesho akaingia kwenye nyimbo za Injili na uchungaji. Jina lake la Emmanuel Mgaya lipo, lakini mtaani ni Masanja mpaka leo, na watu wanamsikiliza akihubiri.

Kwa hiyo jina si tatizo. Nadhani tatizo ni ule wimbo. Nyimbo za Sharo zilimfaa Sharo, za kujidai na kupendeza. Wa mama yako haumfai konda. Mpe konda wimbo wake wa kuchangamka, ule wa mama uweke kabatini mpaka wakati wake.

Karani Mstaafu

Ndugu Konda, mimi nimeshika mafaili ya mikataba ya sanaa kwa muda mrefu kabla sijastaafu. Naomba uache kidogo habari ya jina la kuimbia, tuangalie ile karatasi, kwa sababu siku zilizobaki ni sita.

Usisaini kifungu kile kilivyo. Ndani yake wamefunga pamoja vitu vitatu ambavyo kila kimoja kina njia yake. Kuna mhusika, yaani konda. Huyo inawezekana kweli ni wa kampuni, kama mwandishi wao ndiye aliyemwandika na wewe uliajiriwa kumwigiza. Soma mkataba wako wa kwanza uone ulikubali nini. Kuna sauti yako na uigizaji wako, hapo sheria inakutambua wewe kama msanii mtendaji, ndiyo maana Sheria Na. 7 ya mwaka 1999 inaitwa ya Hakimiliki na Hakishiriki. Hiyo hakishiriki ndiyo yako wewe unayesimama mbele ya kamera au maiki. Halafu kuna wimbo. Wimbo uliutunga wewe, kwenye daftari lako. Huo kampuni haina chake mpaka utakapowapa kwa saini yako.

Na uelewe kitu ambacho wasanii wengi hawakijui: hakimiliki inaanza pale kazi inapotungwa na kuwekwa kwenye umbo la kushikika, maandishi au sauti. Ukienda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kusajili unajipatia ushahidi, tena ushahidi mzuri siku mkibishana. Inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. Sasa linganisha miaka hiyo na laki sita.

Kesho asubuhi andika wimbo wote kwa mkono, urekodi kwa simu hata bila biti, peleka COSOTA ukausajili kwa jina lako halisi. Hiyo iwe kabla hujaonana tena na yule bwana. Kama bado hujajisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kama mwanamuziki, kajisajili, maana kujulikana kwako kama mwigizaji hakukufanyi mwanamuziki kwenye vitabu vyao.

Kuhusu majina, watu wazima humu wanakumbuka. Lile kundi la Ze Comedy lilianzia EATV. Walipohamia TBC1, jina likaleta mvutano, wakaendelea kama Ze Orijino Komedi. Nyuso zilikuwa zilezile, vichekesho vilevile, ila jina lilibidi libadilike. Wao walikuwa kundi na walibebana. Wewe uko peke yako. Siku ukitofautiana na kampuni yako, konda atabaki ndani ya ofisi yao na nyimbo zako zitabaki naye.

Bi Mkubwa wa Ilala

Assalaam aleikum wanangu. Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia, mimi nasema yeye anabonyeza.

Mwanangu Konda, nimesikia hadithi yako yote nikamwambia mjukuu arudie pale kwenye swali la mama. Sitaki kukusifia wala kukulaumu. Nataka nikueleze tulivyokuwa tunafanya sisi, kwa sababu unalolipitia nimelipitia kwenye mwili wangu.

Mimi nilikuwa kwenye kikundi cha sanaa hapa Dar, wakati wa vikundi vya Muungano na TOT, vilipokuwa vinapambana na watu wanapanga foleni ya kuingia tangu alasiri. Kapteni Komba wa TOT akiwa na watu wake, Chenga wa Muungano na wa kwake, na sisi vikundi vidogo tukiokota waliokosa nafasi. Onesho la siku hizo halikuwa la kitu kimoja. Ulikuwa unalipa kiingilio unapata ngoma, unapata sarakasi, unapata maigizo na vichekesho, unapata kwaya, halafu taarab. Na wasanii hawakuwa mia. Ni sisi walewale tunazunguka nyuma ya pazia. Kwa hiyo nyie mnaosema mchekeshaji kuimba ni mambo mapya, si mapya. Mji huu ulikuwa unaishi hivyo.

Mimi kwenye kichekesho nilikuwa mke wa mlevi. Napakwa masizi ya sufuria usoni, nafungwa kanga mbovu tumboni niwe na mimba ya miezi minane, nampiga mume kwa mwiko. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanashikana. Halafu, jioni hiyohiyo, mimi ndiye niliyetakiwa kusimama na gauni refu la satini ya kijani kuimba taarab ya mwanamke aliyeachwa. Na watu walikuwa wanalia wanangu. Walikuwa wanakuja kutuza wanalia.

Iliwezekanaje? Katikati kulikuwa na sarakasi. Hizo dakika za sarakasi ndizo zilizokuwa zinaniokoa. Navua kanga, napaka mafuta ya nazi, nafuta masizi kwa kitambaa mpaka nyuma ya masikio, nanawa, napaka wanja, navaa gauni. Huko mbele vijana wanaruka kwenye moto, watu wanashangaa, yule mke wa mlevi anawatoka kichwani. Nikitoka, sitoki naimba. Natoka, nasimama, sisogei. Kodiani inapigwa, fidla zinaingia, bashraf nzima, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, inapigwa nimesimama kimya, mikono imetulia. Mpaka nafungua mdomo, wameshaniangalia dakika nne kama mtu mwingine.

Siku moja kijana wa sarakasi aliteguka mguu, sarakasi ikafutwa. Nikatoka kwenye kichekesho moja kwa moja kwenye taarab. Nilifuta uso haraka, nikasahau masizi ya chini ya sikio la kushoto. Nikaimba mstari wa kwanza, wakacheka, vilevile kama wewe. Nikatamani ardhi ipasuke. Kiongozi wetu, Mungu amrehemu, hakuniambia nichekeshe wala hakuniondoa. Aliwaambia wapigaji warudie bashraf tangu mwanzo. Yote. Mimi nimesimama pale mbele na masizi yangu sikioni. Wakacheka, wakachoka, wakanyamaza. Wakaanza kunitazama. Ndipo akanipa ishara niimbe.

Wewe harusini ulivua mkoba ukaanza kuimba. Huo mkoba ulikuwa bado haujafika chini mwanangu. Hukuwapa watu muda. Na runinga ni ngumu kuliko jukwaa letu, maana konda wanaingia naye nyumbani, wanakula naye. Pazia unalo wewe mwenyewe uliweke. Siku ya kuimba usichekeshe kabisa, hata kwa salamu. Usikubali mshereheshaji akuite konda. Vaa nguo ambayo konda hawezi kuivaa. Kaa, gitaa lipigwe, lipigwe sana. Wakianza kucheka, usiwafuate. Simama, muziki urudi mwanzo.

Na yule mama aliyekutuza usimchukie. Alikupa alichonacho.

Konda wa Alhamisi

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimesoma ujumbe wako nikiwa ndani ya gari nikapitiliza kituo. Simchukii yule mama. Ninachojiuliza kila usiku ni kwa nini nilimtii.

Mzee Karani, shikamoo na wewe. Leo nimeusajili wimbo, nilikaa nikauandika wote, nikaona beti ya tatu ilikuwa haijakamilika miaka yote hii, nikaimalizia palepale kwenye benchi.

Kaka wa Kilakala, nimelifikiria lako pia. Mwenye kampuni lakini hataki wimbo wa kuchangamka. Anautaka huohuo wa mama kwa sababu ndio watu waliouchekea.

Fundi wa Vipaza

Kaka, mimi nafunga vyombo kwenye maharusi na matamasha tangu enzi za spika za mbao, na nimewahi kusimama na wachekeshaji watano au sita waliotaka kuimba. Nina moja tu la kukuongezea kwa Bi Mkubwa, na ni la ufundi.

Mchekeshaji ana pumzi yake. Anatupa neno halafu anaacha nafasi, kwa sababu amezoea kicheko kije hapo. Hajui kama anaacha, mwili umezoea. Ukisikiliza klipu yako (nadhani nimeiona, na kama ndiyo yenyewe una sauti nzuri sana ya kati, usiidharau) utasikia mwisho wa kila mstari umenyamaza karibu sekunde mbili. Pale ndipo watu walipochekea. Uliwafungulia mlango mwenyewe.

Muimbaji anafanya kinyume. Mwisho wa mstari anaushikilia, anauachia polepole, na kabla haujaisha chombo kinaingia. Hakuna upenyo. Fanya zoezi na mpiga gitaa, si na biti ya flashi. Mwambie kila unapomaliza mstari ajaze yeye. Rekodi, sikiliza, hesabu mianya. Ukibaki na mmoja katika beti nzima umefanikiwa, na huo mmoja uuache makusudi, pale kwenye mgongo wa mama.

Halafu shusha maiki kidogo kutoka mdomoni. Konda anaimeza, ndiyo sauti yake. Wewe uwe na vidole vinne katikati.

Kimya wa Kigogo

Nimekuwa nasoma uzi huu tangu juzi bila kuchangia. Naomba na mimi niseme.

Mimi nina kigugumizi. Si cha kuigiza. Nilianza nacho nikiwa na miaka mitano na sasa nina thelathini na tisa. Kwenye daladala huwa sisemi "shusha," nagonga bati, kwa sababu herufi ya sh inanikwama na nimeshapitishwa vituo mara nyingi mno. Dukani naonyesha kwa kidole. Kaka Konda, kipindi chako nakiangalia, na sijawahi kumwambia mtu yeyote kinavyonipata. Watoto wanaokuigiza wewe mtaani kwako, wa mtaani kwangu wananiigiza mimi.

Sikuandika nikulaumu. Nimeandika kwa sababu kuna jambo ambalo naona hulijui na litakusaidia. Mimi nikiimba, sigugumii. Hata kidogo. Naimba kwaya kanisani, sauti ya tatu, na nimeshaimba peke yangu mbele ya watu zaidi ya mia tatu, maneno yakatoka kama maji. Nikirudi kukaa na mwenzangu akaniuliza saa ngapi, nakwama. Si mimi peke yangu. Wenye kigugumizi karibu wote tuko hivyo, tukiimba kinatuachia. Hata kusoma pamoja kwa sauti moja na wengine, mara nyingi kinapungua sana. Madaktari wa usemi wanalijua hilo siku nyingi.

Kwa hiyo konda wako angekuwa mtu wa kweli, akaimba wimbo wa mama yake, asingegugumia. Angeimba moja kwa moja mpaka mwisho, na wale abiria wanaomcheka kila siku wangeduwaa. Nimeyaona hayo kwa macho yangu. Siku ya kwanza nilipoimba peke yangu, mzee mmoja aliyenizoea aligeuka nyuma kutafuta nani anaimba.

Wanaotaka konda aimbe kwa kigugumizi wanataka kitu ambacho hakipo. Ile sehemu moja ambayo tuko huru, wanatuwekea kigugumizi na huko.

Mtoto wa Kilakala

Kaka wa Kigogo, nimekosa la kusema. Nafuta ushauri wangu wa kabatini.

Bi Mkubwa wa Ilala

Bibi anasema: mwanangu wa Kigogo, ungekuja kwenye kikundi chetu tungekupa taarab.

Konda wa Alhamisi

Kaka Kimya, naomba radhi. Sijui kama neno hilo linatosha kwa miaka minne, lakini nalisema mbele ya wote. Kigugumizi cha konda nilikiokota kwa fundi baiskeli wa mtaani kwetu nilipokuwa mdogo. Sikuwahi kumuuliza kama anaimba. Jana nimekwenda kumtafuta. Amehamia Chanika, nikampata. Tumekaa chini ya mwembe wake, nikamuuliza. Akacheka, akaniimbia kipande cha bendi ya Sikinde, chote, bila kukwama, huku anakaza spoki.

Ya ofisini ni haya. Siku ya nane nilikwenda na karatasi haijasainiwa. Kifungu cha nyimbo nimekikata kwa kalamu, kama Mzee Karani alivyonielekeza, na nikaweka nakala ya cheti mezani. Nikamwambia bosi kwamba kwa kigugumizi sitaimba, si kwa laki sita wala kwa zaidi. Ila nina tukio naomba mwandishi wetu alione: gari limeharibika usiku barabarani, abiria wamekaa ndani gizani, wamechoka, hakuna anayemcheka mtu. Konda anaanza kuimba wimbo wa mama yake. Neno halikwami hata moja. Hakuna kichekesho kwenye tukio hilo mpaka linaisha. Nimeomba wimbo ubaki wangu, wao wautumie kwenye kipindi tu, kwa maandishi.

Bosi alikaa kimya muda mrefu. Akasema kipindi ni cha vichekesho. Nikamwambia najua, nimekifanya miaka minne. Mwandishi wetu, dada mmoja ambaye huwa haongei sana kwenye vikao, akasema yeye angependa kujaribu kuliandika. Jibu Jumatatu. Wakikataa, nitaurekodi kwa jina nililopewa na baba yangu, mpiga gitaa nimeshampata, tumeshafanya mazoezi mara mbili na mianya imebaki mitatu.

Leo alfajiri nilikuwa kwa mama. Siku hizi hauzi tena, lakini Ijumaa anapika chapati za wajukuu na bado anaamka giza. Nikakaa kwenye mkeka nyuma yake, hakugeuka. Nikauimba wote, taratibu, bila kitu chochote, na ile beti ya tatu mpya. Aliendelea kukanda mpaka nilipomaliza. Beseni ni lilelile.

Akasema, "Pale uliposema kilo tano za unga. Hazikuwa tano. Kilo tano nilianza wewe ukiwa darasa la sita. Mwanzoni zilikuwa mbili, na moja ilikuwa ya kukopa kwa Mpemba."

Nimeubadilisha mstari. Sasa unasema mbili.